Salio Anzia

Mstari wa 318 ulikuwa wa elbo za plastiki za nusu inchi. Kwenye faili la Excel ziliandikwa 1,240. Kwenye rafu, mimi na mzee wa stoo tulihesabu tukapata 960. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili usiku, ghorofani juu ya duka la vifaa vya mabomba Kariakoo, na mageti ya chuma ya majirani yalikuwa yakishushwa moja baada ya jingine. Programu mpya ya biashara ilikuwa wazi mbele yangu, ikisubiri faili. Ilikuwa na safu moja ya idadi. Kila bidhaa ilikuwa na seli moja, na seli moja haibebi namba mbili.

Nilikuwa na miaka 24, nina diploma ya uhasibu na mkataba wa miezi mitatu wa "kuhamisha stoki iingie kwenye sistimu". Ndivyo bosi alivyoiita kazi hiyo, na ndivyo nilivyoielewa: kuhamisha. Kama unavyohamisha magunia kutoka kwenye gari hadi ndani. Magunia yakiwa machache kuliko yaliyoandikwa, hilo ni la dereva na mwenye mali. Mbebaji amebeba alichokikuta.

Asiyewahi kuifanya anadhani ni kubonyeza kitufe. Kitufe kipo, lakini kabla ya kukifikia kuna wiki mbili za kusafisha. Programu inakupa faili tupu lenye vichwa vya safu: kodi ya bidhaa, jina, kipimo, bei ya kununulia, bei ya kuuzia, idadi. Wewe unalichukua faili la zamani, ambalo kwetu lilikuwa limepita mikononi mwa watu wanne kwa miaka mitatu, na kulilazimisha liingie kwenye vichwa hivyo. Na faili la zamani lina ukaidi wake.

Excel ina tabia ya kukisia. Ukiandika 1/2 peke yake kwenye seli, inaamini umeandika tarehe, na inakugeuzia kuwa tarehe 1 Februari au tarehe 2 Januari, kutegemea kama kompyuta imepangwa kwa mtindo wa Kiingereza au wa Kimarekani. Duka letu liliishi kwa vitu vya nusu inchi na robo tatu. Safu nzima ya saizi ilikuwa imegeuka kalenda: koki za Februari, soketi za Aprili. Nilicheka peke yangu. Baadaye nikasoma kwamba wanasayansi wa jeni nao yaliwakuta. Jeni zilizoitwa MARCH1 na SEPT1 zilikuwa zikigeuzwa tarehe kwenye mafaili yao, mpaka mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikatoa mwongozo na kuyabadilisha majina yenyewe. Ilikuwa rahisi zaidi kuibatiza upya jeni ya binadamu kuliko kubishana na Excel.

Kulikuwa na mengine. Kodi 00457 ilikuwa imepoteza sifuri zake na kubaki 457. Namba za msimbopau za tarakimu 13, zile zinazoanza na 620 kwa bidhaa zilizosajiliwa Tanzania, zilikuwa zimefupishwa kuwa 6.2E+12, zote zikafanana kama mapacha. Elbo ileile ilikuwa na majina matatu: "Elbo 1/2", "Elbow nusu" na "L nusu (za Mchina)". Tepu ya kuzibia iliandikwa kwa dazani mahali pamoja na kwa kipande mahali pengine, kwa hiyo 20 ingeweza kuwa 20 au 240. Kila nilipojaribu kuingiza, programu ilinirudishia orodha nyekundu: mstari wa 57 haukubaliki, mstari wa 214 hauna kipimo, mstari wa 602 umejirudia.

Nilizichukia zile nyekundu kwa wiki mbili. Sasa naziona kwa jicho jingine. Kosa linalopiga kelele linakutendea wema; linakushika mkono kabla hujafika mbali. Lakini 1,240 ni namba safi, na 960 ni namba safi. Hakuna hata moja iliyokosa kipimo au kugeuka kalenda. Programu ingepokea yoyote kati ya hizo mbili bila kunung'unika. Ilijua kukagua umbo. Ukweli wa kilichomo haikuwa kazi yake, na haikuwahi kudai kuwa ni kazi yake.

Sasa nimweleze mzee wa stoo, kwa sababu bila yeye haya yote ni ufundi tu.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushee, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Alikuwa ameajiriwa miezi minne kabla yangu. Aliyemtangulia aliondoka ghafla, na sikuwahi kusikia maelezo mawili yanayofanana juu ya kuondoka huko. Mzee alipofika asubuhi ya kwanza alipewa shada la funguo na daftari lenye kurasa zilizolegea. Hakuna aliyehesabu naye. Alikabidhiwa funguo, mali hakukabidhiwa.

Tulihesabu pamoja kwa siku nne. Yeye anahesabu, mimi naandika. Alikuwa akipanga vitu kumi kumi sakafuni, kila rundo anaweka kipande cha kadibodi, kisha anahesabu kadibodi. Nilimwambia, mzee, tutakesha. Akasema, "Binti, kitu kisichohesabiwa vizuri kinahesabiwa mara mbili." Kwa zile elbo alihesabu mara mbili hata hivyo, kwa sababu alijua faili linasema nini na hakupenda alichokiona. 960. Akaniangalia. Nikaandika 960, yeye akaweka sahihi pembeni, mimi nikaweka tarehe.

Tatizo ni kwamba duka lilikuwa wazi siku zote nne. Tukiwa ghorofani tunahesabu soketi, chini wanauza soketi. Vijana wa mauzo walipanda na kushuka, wakachukua hiki na kile, wengine wakaandika, wengine wakasema wataandika. Kwa hiyo hesabu yetu haikuwa picha ya siku moja. Ilikuwa picha ya siku nne zilizobandikwa pamoja. Luca Pacioli, mtawa wa Italia aliyechapisha mwaka 1494 kitabu kilichoeneza uandishi wa hesabu wa pande mbili, alianza somo lake hapohapo: kabla mfanyabiashara hajafungua leja yoyote, aorodheshe kila alichonacho, na aimalize orodha hiyo ndani ya siku moja, la sivyo atapata taabu mbele ya safari. Chuoni nilijibu mtihani juu ya Pacioli. Dukani sikuwa na ubavu wa kumwambia bosi afunge siku moja mwezi wa Desemba.

Usiku ule wa Jumamosi nilimpelekea orodha ya tofauti. Ilikuwa na mistari kadhaa. Ya elbo ndiyo niliyoitaja kwanza kwa sababu ndiyo ilikuwa kubwa. Nikamwambia rafu inasema 960.

Hakukasirika. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu hadithi za namna hii huwa na bosi mkali na karani mnyonge, na hii haikuwa hivyo. Alivuta kiti akakaa. "Dada," akasema, "nikiweka 960, hizo 280 nimezisamehe. Sasa nimemsamehe nani?"

Sikuwa na jibu. Sina jibu zuri hata leo. Msamaha unahitaji mtu wa kusamehewa. Mali ilikuwa yake, ameinunua kwa fedha yake, na mimi nilikuwa namwomba aandike kwa mkono wangu kwamba haikuwahi kuwepo. Kuingiza namba ya rafu ni kusema: tunaanzia hapa, ya nyuma yamepita. Karani hana haki ya kusema maneno hayo kwa mali ya mwenziwe.

Kisha akaongeza: "Na hiyo hesabu yenu ya siku nne, watu wanapanda na kushuka, niiamini kuliko faili la miaka mitatu? Ingiza ya faili. Kama hazipo, sistimu itasema yenyewe."

Nikasema, "Lakini bosi, mzee amekuja juzi tu. Akianza na 1,240..."

"Ndiyo maana tumenunua sistimu," akasema, na simu yake ikaita.

Alipomaliza kuongea na simu, angeweza kuwa tayari kunisikiliza tena. Sikurudi. Nilishuka, nikakaa, nikachagua faili, nikabonyeza. Ilichukua chini ya dakika moja. Maandishi ya kijani yakasema mistari 1,312 imeingizwa kikamilifu. Nikafunga kompyuta nikawahi gari la Mbagala.

Kwa miezi mingi nimejiuliza kama nilisema uongo usiku ule. Bosi hakusema uongo. Alikuwa na namba mbili zenye mashaka akachagua moja, na aliamini mwenye makosa atajitokeza. Faili halisemi uongo, halijui kitu. Programu haidanganywi, maana haiamini. Katika chumba kile mtu mmoja tu alikuwa ameziona elbo zile kumi kumi sakafuni na bado akaandika 1,240, na mtu huyo ni mimi. Lakini pia sikumwambia mtu yeyote kitu cha uongo. Hakuna aliyekuwa ananisikiliza. Niliiacha namba mezani, na mtu yeyote ambaye angefungua ripoti miezi ya mbele angeisoma kama neno la mtu aliyehesabu.

Kuna jambo moja la ndani ya programu hizi ambalo lilinisaidia kulielewa hili, ingawa halikunifariji. Kwa kanuni ya pande mbili, kitu hakiwezi kufika mahali bila kutoka mahali. Ukipokea mzigo, umetoka kwa msambazaji. Ukiuza, umekwenda kwa mteja. Sasa stoki ya siku ya kwanza imetoka wapi? Programu kama Odoo zimelitatua hili kwa kutunga mahali pa kufikirika, eneo la marekebisho ambalo halina mlango wala rafu, na siku ya kuingiza bidhaa zote zinaandikwa kuwa zimetoka huko. Na siku ukihesabu ukakuta upungufu, vilivyopotea vinaandikwa kuwa vimerudi hukohuko. Ni ufumbuzi mzuri wa kihesabu. Lakini maana yake ni kwamba siku ya kwanza ndiyo siku pekee ambayo mtu anaweza kuleta elbo 280 zisizokuwepo, kutoka mahali pasipokuwepo, akazipanga kwenye rafu iliyopo, chini ya jina la mtunzaji aliyepo, na kusiwe na risiti, dereva wala shahidi. Baada ya siku hiyo kila kitu kinahitaji karatasi. Siku hiyo inahitaji neno la karani tu.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeukuta msemo huo kwenye vitabu vya biashara vya shule, nimeukuta umeandikwa ukutani kwenye ofisi ya mkopeshaji mmoja pale Msimbazi. Ni wa kweli. Haukugusa tu upande wa pili: daftari likitangulia mali, habari hupatikana bila kuwa na ukweli, na lazima impate mtu.

Ilimpata mwezi wa Machi. Safari hii duka lilifungwa siku nzima, na hesabu ilifanywa na watu wawili kutoka nje. Programu ikatoa ripoti nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukiandaa mimi: mistari 41 yenye upungufu, kila mmoja na thamani yake, jumla shilingi 1,870,000. Elbo za nusu inchi zilikuwa juu kabisa. Ripoti haikuandika "huenda". Iliandika idadi inayotakiwa kuwepo, idadi iliyopo, tofauti, na jina la mtunza stoo.

Mzee akaitwa. Nilikuwepo, kwa sababu mkataba wangu ulikuwa umeongezwa na sasa mimi ndiye karani wa sistimu. Bosi alizungumza naye kwa heshima, akamwonyesha kwenye skrini. Alikuwa na haki yake: alisema sistimu itasema yenyewe, na sasa imesema. Wakakubaliana, kama kule kunaitwa kukubaliana, akatwe laki moja kila mwezi. Mshahara wake ulikuwa laki tatu na nusu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu mwajiri kumkata mfanyakazi kwa hasara, lakini kwa masharti. Hasara iwe imetokana na kosa lake. Aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi, na jinsi kiasi hicho kilivyokokotolewa. Apewe nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake, ambayo kwake ilikuwa 87,500. Hakuna hata sharti moja lililofuatwa vizuri, na mimi sikuijua sheria hiyo mpaka nilipoitafuta baadaye, nikiwa na sababu zangu za kuitafuta. Lakini hebu tuchukue kwamba yote yangefuatwa. Angepewa barua. Barua ingeeleza jinsi kiasi kilivyokokotolewa: salio anzia, ongeza mapokezi, toa mauzo, linganisha na kilichopo. Kila hatua sahihi. Angepewa nafasi ya kupinga, na angepinga nini? Mapokezi yana karatasi, mauzo yana risiti za EFD. Angebaki na neno la kwanza kwenye mstari, na hilo halina karatasi.

Alilipinga hilohilo. Tulipotoka kwa bosi alisimama kwenye ngazi akavua miwani akaifuta kwa pindo la shati. "Binti," akasema, "hii namba ya kwanza ilitoka wapi?"

"Ilitoka kwenye faili, mzee."

Hilo lilikuwa kweli. Nimewahi kusema uongo mwingi mdogo maishani, kwa wazazi, kwa walimu, kwa makonda, na hakuna hata mmoja unaoniuma kama sentensi hiyo ya kweli. Akatikisa kichwa taratibu, akavaa miwani, akashuka.

Mwaka uliofuata, Januari 2024, dunia ilikuwa inazungumzia watu wa posta wa Uingereza. Nililifuatilia jambo lile kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwake. Kuanzia mwaka 1999 shirika la Post Office liliweka kwenye matawi yake programu ya hesabu iitwayo Horizon, iliyotengenezwa na Fujitsu. Programu ikaanza kuonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Wasimamizi wa matawi madogo, wengi wao watu wa vijijini wenye duka na dirisha la posta ndani yake, walibanwa na mikataba yao wafidie. Walilipa kwa akiba zao, kwa mikopo, kwa fedha za ndugu. Walioshindwa walishtakiwa. Zaidi ya watu 900 walihukumiwa kati ya mwaka 1999 na 2015 kwa wizi, ulaghai au kughushi hesabu. Baadhi yao wakafungwa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba programu ilikuwa na kasoro kweli, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta hukumu kwa pamoja.

Mawili kati ya mambo yale yalinikaa. La kwanza ni kwamba wengi wao, walipopiga simu kuomba msaada, waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo. La pili ni kwamba sheria ya ushahidi ya Uingereza ilikuwa ikichukulia kompyuta iko sahihi mpaka mtu aonyeshe kwamba haiko sahihi. Sasa msimamizi wa posta ya kijijini angeonyesha kwa kutumia nini?

Lakini nisijifariji kwa mfano mkubwa. Kule programu ilikuwa na kasoro. Yetu haikuwa na kasoro yoyote. Ilijumlisha na kutoa bila kukosea hata shilingi moja. Ukiniuliza ipi ni ngumu kupambana nayo, nitakwambia yetu, kwa sababu mashine mbovu siku moja inaweza kupelekwa mahakamani ikafunguliwa, ila mashine nzima iliyopewa mwanzo mbaya utaifungua utakuta kila kitu kiko sawa.

Nilipokuwa mdogo, madrasa, ustadhi wetu alipenda kutuuliza aya ipi ni ndefu kuliko zote katika Kurani. Watoto tulitaja habari za mbingu, za Musa, za Siku ya Mwisho. Jibu ni aya ya deni. Iko katika sura ya pili, na inahusu watu wawili wanaokopeshana na namna ya kuliandika jambo lao. Sikuona wakati ule kwa nini maandishi ya duka yapewe nafasi yote hiyo. Nimeirudia ukubwani, na nilichokiona safari hii ni kwamba kati ya mdai na mdaiwa imemweka mtu wa tatu, mwandishi. Anaamrishwa aandike kwa uadilifu na asikatae kuandika. Na imekatazwa mwandishi asidhuriwe, kama vile aliyeteremsha aya alijua kwamba mtu anayeandika kwa haki atakuwa katika hatari ya kudhuriwa na mmoja wa wale wawili.

Mimi sikuwa katika hatari yoyote. Bosi asingenifukuza kwa kurudi mara ya pili. Nimejaribu kuligeuza jambo hili liwe fumbo la kimaadili, namba mbili seli moja, haki ya mwenye mali dhidi ya haki ya mtunzaji, na kwa kweli fumbo lipo, nimelieleza. Lakini njia ilikuwepo na nilijifunza chuoni. Unaingiza idadi iliyoko kwenye rafu, kwa sababu rafu ndiyo mtunzaji atakayoulizwa. Zile 280 huzifuti. Unaziandika kwenye karatasi ya pembeni, kwa tarehe na sahihi tatu, kama upungufu wa kabla ya makabidhiano, na mwenye mali anabaki na haki yake ya kumtafuta anayemdai. Hakuna anayesamehewa kwa siri na hakuna anayerithishwa deni kwa siri. Pengine ingekula mchana mmoja. Ningetakiwa kusubiri simu iishe.

Karatasi za hesabu ya Desemba nilikuwa nazo. Zilikuwa kwenye droo yangu, chini ya bahasha ya stepla, kurasa 38, kila moja na sahihi yake. Nilizitoa mwezi wa Agosti. Sitajisifu kwamba dhamira iliniamsha. Kilichotokea ni kwamba mzee alikuja kuniomba nimkopeshe elfu ishirini ya dawa ya mtoto, na nikamkopesha, na usiku nikapiga hesabu nikaona kwamba kwa makato ya miezi mitano alikuwa ameshatoa laki tano kulipa vitu alivyonihesabia mwenyewe kwamba havipo.

Bosi alizipitia moja moja. Alipofika ya elbo aliinua macho.

"Hizi zilikuwa wapi?"

"Kwenye droo yangu."

"Tangu Desemba?"

"Tangu Desemba."

Akanyamaza kidogo. "Uliniambia siku ile," akasema.

"Nilikuambia mara moja, bosi."

Makato yalisimama mwezi huohuo. Laki tano zilizokwisha kukatwa alisema tutaziongelea. Alirudisha laki mbili kabla ya sikukuu, bila maelezo, na zilizobaki hazikuwahi kuongelewa. Kwenye programu nilifanya marekebisho ya mistari ile yote na kuandika sababu kwa kirefu, tarehe ya hesabu, majina ya waliohesabu. Mstari wa kwanza sikuweza kuugusa. Programu nzuri haziruhusu kufuta kilichokwisha kuthibitishwa, na huo ni utaratibu mzuri. Bado upo: salio anzia, elbo nusu inchi, 1,240, na jina langu kama mwingizaji.

Mzee nilimweleza mwenyewe, kwenye ngazi ileile. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu. Alinikatiza.

"Nilijua unazo," akasema. "Si tuliziandika wote?"

"Sasa mzee, mbona hukuniomba nizitoe?"

Akafikiri. "Ningekuomba," akasema, "ningekuwa nakufundisha kazi yako."

Aliondoka mwisho wa mwaka uliofuata, alipopata kazi karibu na kwao. Kabla ya kukabidhi funguo aliomba duka lifungwe siku moja, na bosi akalifunga. Kijana aliyekuja kumrithi alishangaa kuona mzee amepiga magoti sakafuni anapanga elbo kumi kumi na vipande vya kadibodi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kila kitu lazima kihesabiwe hivyo. Nilimpa kalamu. Ilipofika jioni walikuwa wamemaliza ghorofa nzima, elbo za nusu inchi zikawa 733, wakaweka sahihi wote wawili, na mimi nikaichukua karatasi nikashuka kwenda kuiingiza.